Kiti Kisichotaka Nyundo

Jijini Dar es Salaam kiti husafiri kuliko mwenyewe. Ijumaa kiko Mbagala kwenye hitma, Jumamosi kiko Sinza kwenye harusi, Jumapili kiko Tandika kwenye kikao cha vikoba, na kati ya shughuli na shughuli kimepanda guta, kirikuu, bodaboda na, mara mojamoja, kichwa cha kijana aliyeahidiwa elfu mbili akapewa soda. Ni kiti cha plastiki, kilichokuwa cheupe, chenye herufi za mwenye mali zilizopakwa mgongoni kwa rangi nyekundu. Mguu ukipasuka, unashonwa kwa waya uliopitishwa katika matundu yaliyotobolewa kwa msumari wa moto. Akija mgeni mwenye mwili wake, kijana wa viti hasemi neno: anachukua kiti cha pili, anakipandanisha juu ya cha kwanza, anakipangusa kwa kiganja, anasema, "Karibu mama." Wote wanajua sababu. Mama naye anajua, na anakaa kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuanguka.

Kushindana na kiti hicho ni kazi. Mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet alitoa kiti alichokiita Fauteuil 300: plastiki iliyoyeyushwa ikasukumwa ndani ya kalibu, ikatoka kiti kizima katika muda usiofika dakika mbili. Tangu hapo viwanda vya kila bara vimemwiga. Hakina skrubu, hakina gundi, hakina karatasi ya maelekezo. Kinazaliwa kikiwa tayari kwa msiba.

Kasoro yake hujitokeza shughuli ikiisha. Mwenye ukumbi ana stoo; mpangaji wa chumba na sebule hana. Viti sita vya wageni wanaokuja mara moja kwa mwezi hukaa sebuleni mwezi mzima, vimepandanishwa pembeni ya televisheni, juu yake pasi, juu ya pasi nguo zinazosubiri kupigwa pasi.

Hapo ndipo alipoingia mbunifu mmoja wa Kigamboni, kijana aliyesomea ufundi, mwenye mke, mama, shemeji wengi na nusu ya banda la useremala kule Keko. Wazo lake lilikuwa kiti kinacholala bapa nyuma ya mlango. Mgeni akipiga hodi, mwenyeji anavuta vipande, anavichomeka, na kabla mgeni hajamaliza kuvua viatu kiti kimesimama. Hakuna bisibisi, hakuna spana, hakuna kile kichuma chenye umbo la herufi L ambacho kila nyumba ina vitatu na siku ya kukihitaji haina hata kimoja.

Keko, alipolieleza wazo hilo kwa mara ya kwanza, fundi mkongwe mwenye nusu nyingine ya banda hakuinua macho kwenye randa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta nini leo?"

"Mchoro wa kiti, mzee. Hakina hata msumari mmoja."

"Msumari umekukosea nini?"

Lilikuwa swali zuri, na wakubwa wa fani hiyo hawakuwahi kulijibu kikamilifu. Mwaka 1859 Michael Thonet, seremala Mjerumani aliyehamia Vienna, alitoa kiti chake namba 14: mbao zilizopikwa kwa mvuke hadi zikapindika, vipande sita, skrubu kumi, nati mbili. Vikiwa vimefunguliwa, viti 36 viliingia katika sanduku la mita moja kila upande, na sanduku likapanda meli kwenda popote palipokuwa na mgahawa. Kufikia mwaka 1930 vilikuwa vimeuzwa takriban milioni 50. Hesabu hiyo hufundishwa kwa furaha katika vyuo vya ubunifu. Haifundishwi ile nyingine: sanduku moja la viti 36 lina skrubu 360 na nati 72, na anayelifungua ana watoto.

Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1956, Gillis Lundgren wa IKEA kule Sweden aling'oa miguu ya meza iliyogoma kuingia katika gari, na kampuni hiyo hupenda kusimulia kwamba habari yake ya samani bapa ilianzia pale. Kile kichuma cha L kikafuata nyuma, kikaingia katika droo za jikoni za dunia nzima. Miaka ya karibuni IKEA wenyewe wamekuwa wakijaribu kuachana nacho kwa kutumia kigingi chenye matuta kinachoteleza katika mfereji wake na kukwama kwa mlio. Kampuni kubwa kiasi hicho, yenye wahandisi wa kila aina, ilichukua zaidi ya nusu karne kuishinda skrubu. Mbunifu wa Kigamboni alijipa hadi Pasaka.

Kiti cha kwanza kilikuwa cha plaiwudi, vipande vinne vyenye mikato inayopandana: ubao huu umekatwa kutoka juu, ule kutoka chini, vikikutana vinabanana. Njia hiyo ina sifa duniani. Opendesk, kampuni iliyoanzia London mwaka 2013, ilisambaza kwa intaneti michoro ya samani ili zikatwe na mashine ya kompyuta katika karakana iliyo jirani na mnunuzi. Kiti kiitwacho Valoví, cha Mbrazili Denis Fuzii, ni vipande vya plaiwudi vya namna hiyo. Katika banda la Keko mashine hiyo haikuwepo. Kulikuwa na msumeno, patasi, tupa na mzee.

Sasa, mkato wa kuchomeka unategemea kipimo kimoja tu: unene wa ubao. Na unene ndipo plaiwudi inapodanganya. Ubao unaouzwa kwa jina la milimita 18, ukiubana kwenye kipimio, unaweza kukuta ni 17 na nusu. Mwenzake wa duka lilelile ni 17. Nusu milimita haionekani kwa macho, lakini makalio yanaijua. Mkato ukizidi kidogo, kiti kinacheza, na anayekikalia anajikuta akiyumba kulia na kushoto huku akijaribu kuonekana anasikiliza mazungumzo. Mkato ukipungua, kiti hakiingii.

Mbunifu alipitia hali zote mbili. Kiti kilichocheza kilipewa mtoto. Kilichogoma kuingia alikisukuma kwa viganja, kisha kwa goti, kisha kwa maneno, mpaka mkewe alipotoka jikoni na mchi wa kinu. Kikaingia. Kiti kisichotaka nyundo kikasimama kwa mapigo matatu ya mchi, na mbunifu akashikilia kwamba mchi si kifaa cha ufundi bali ni chombo cha jikoni. Hoja hiyo ilipokewa kimya.

Ikaja masika. Plaiwudi hutengenezwa kwa tabaka nyembamba zilizogandishwa kwa kupishanisha mwelekeo wa nyuzi, kila tabaka ikiibana iliyo jirani isitanuke. Ndiyo maana ubao wake hautanuki sana kwa urefu wala kwa upana. Kwenye unene hakuna wa kumbana mwenzake. Unyevu wa pwani ukiingia, tabaka zote huvimba pamoja upande uleule, na upande huo ndio hasa kiungo cha kuchomeka kinautegemea. Mwezi wa Aprili kiti kilichoingia kwa mchi kilikataa kutoka kwa mchi. Mgeni aliyekikalia alikula, akashukuru, akaaga. Kiti kikabaki kimesimama sebuleni. Pamoja na vile sita vya plastiki, sasa vilikuwa saba.

Kiti ndugu yake kilipelekwa Dodoma, kwa shemeji. Dodoma hewa ni kavu, na ubao uliokatwa Keko wakati wa mvua ulipofika kule ulinywea kimyakimya. Taarifa zilianza kuja kwa ujumbe wa sauti. "Shemeji, kiti chako kinaongea." Wiki iliyofuata: "Shemeji, kiti kinaongea hata kama hakuna aliyekikalia." Hatimaye ikaja picha. Kiti kimesimama imara, kimepigiliwa misumari ya inchi tatu kila kona, mingine miwili imeongezwa kwa usalama. Chini ya picha, maneno ya fahari: "Nimekirekebisha."

Kihistoria, shemeji yuko na watu wakubwa. Katika kaburi la Farao Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter mwaka 1922, kulikuwa na kiti cha enzi chenye miguu iliyopitana kwa mtindo wa kigoda cha kukunja. Kiliongezwa mgongo, kikapambwa, na kuanzia hapo hakikukunjika tena. Zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, kwenye jumba la kifalme la Misri, kitu kilichobuniwa kukunjwa kilipigwa marufuku kukunjwa kwa sababu kimependeza kikiwa kimesimama. Kiti chochote kinachofunguka kina adui huyo: mtu anayekipenda kiasi cha kukizuia kisifunguke.

Kutoka plaiwudi mbunifu akahamia mbao nene, na kutoka vipande vinne akashuka hadi viwili. Kando ya barabara za Malawi, hasa karibu na ziwa ambalo upande wa Tanzania huitwa Nyasa, wachongaji huuza kiti cha mbao mbili tu. Ubao wa kwanza ni mgongo, mrefu, umechongwa samaki au tembo, na kwa chini una tundu. Ubao wa pili ni wa kukalia, na nyuma una mkia mwembamba. Mkia unapita katika tundu, unatokea upande wa pili, unagusa ardhi na kuwa mguu. Msumari hakuna, gundi hakuna. Mtu akikaa, uzito wake unaubana mkia ndani ya tundu. Akiegemea nyuma, unabana zaidi. Yaani anayekaa ndiye anayekaza kiti, na atakikaza kadiri ya mwili wake. Ukitaka kuondoka nacho, unachomoa ubao, unazilaza mbili pamoja, unazibeba kwapani.

Kwa mbunifu hiyo ilikuwa habari njema kupita zote. Kazi ya nyundo lazima ifanywe na mtu fulani: Thonet alimwachia mwenye bisibisi, plaiwudi ilimwachia mwenye mchi, na mchongaji wa Malawi amemwachia mgeni mwenyewe, bila kumwambia. Mbunifu alichonga chake kwa mkongo, akakipiga msasa, akavuka nacho kwa pantoni asubuhi moja kwenda kumwonyesha mzee wa Keko.

Upande wa pili, Feri, alipanda daladala iliyojaa. Konda aliziangalia zile mbao mbili.

"Mzigo huo, unalipiwa."

"Si mzigo. Ni kiti."

"Kiti? Basi kaa."

Abiria walicheka, jambo ambalo mbunifu hakulipenda. Alichomeka mkia kwenye tundu palepale kwenye njia ya katikati, akakaa, akaegemea. Kiti kilishika barabara. Abiria wakanyamaza, mmoja akauliza bei, konda akasahau nauli ya mzigo. Ushindi ulidumu hadi dereva alipokanyaga breki kumkwepa mwenye mkokoteni.

Hapa sayansi inahitaji maelezo. Kiti cha mbao mbili hujikaza uzito ukienda chini na nyuma. Breki hupeleka uzito mbele. Ubao wa kukalia ulichomoka katika tundu ukiwa na mbunifu juu yake, ukateleza sakafuni hadi mbele, na kuishia kwenye ndoo ya mama mmoja aliyekuwa ametoka kununua samaki sokoni. Mgongo ulibaki umesimama peke yake kwa sekunde moja, kisha ukamwangukia konda. Mbunifu alishuka Keko akiwa amelipa nauli yake, nauli ya mzigo na vibua vinne.

Hakukata tamaa. Jumamosi iliyofuata kiti kilikwenda kwenye harusi ya binamu, na kikapewa mjomba, kwa heshima. Kiti cha mbao mbili ni kifupi na kimelala nyuma. Kimebuniwa kwa mtu mwenye jioni nzima na hadithi ya kusimulia. Mjomba alikuwa na sahani ya pilau. Mezani hakufika. Sahani aliiweka kifuani, kachumbari ikafuata mteremko wa kanzu, na kila alipotaka kuinuka kuchukua soda ilibidi vijana wawili wamshike mikono. Mwishowe alijaribu kukisogeza kiti karibu na meza kwa njia wanayotumia watu wote duniani, kushika sehemu ya kukalia na kuvuta. Ubao wa kukalia ulimfuata. Ubao wa mgongo ulibaki, ukatafakari, ukaanguka kwenye kidole gumba cha shangazi wa bwana harusi. Kwenye video ya harusi tukio hilo limeondolewa, ila sauti ya shangazi imebaki chini ya wimbo wa kukata keki.

Katika maabara za samani za Ulaya na Marekani, mashine hukandamiza kiti na mgongo wake maelfu ya mara kuona kitachoka lini. Ni kipimo kizuri, lakini mashine haivuti kiti ikiwa bado imekikalia nusu. Haipandi juu yake kubadilisha taa. Haiegemei kwa miguu miwili ya nyuma ikisubiri zamu ya kuoga, na haimpakati mtoto anayerukaruka. Anayebuni kiti cha kuunganishwa Dar anahitaji mashine hizo, na anahitaji pia ukoo mpana.

Kwa mama yake mzazi, Kigamboni hukohuko, mbunifu alipata wiki moja ya matumaini. Mama alikuwa akikuna nazi, na mtoto wake, aliyetazama jambo hilo tangu utotoni, kwa mara ya kwanza aliangalia kilichokuwa chini yake. Mbuzi ya kukunia nazi ni vibao viwili vilivyopitana na kushikana katika kiungo cha mbao. Ukivitanua vinasimama vyenyewe. Ukivikunja vinalala bapa na kutundikwa ukutani nyuma ya mlango. Marufaa, kibao cha kuwekea msahafu, kinafuata ufundi unaokaribiana na huo: ubao mmoja unapasuliwa kwa msumeno na patasi mpaka unakuwa mbawa mbili zinazofunguka bila bawaba ya chuma. Kiti bapa kisichotaka nyundo kilikuwa jikoni mwa nyumba aliyokulia.

"Mama, naomba usimame kidogo nipime."

"Nazi iishe kwanza."

Alipima. Akagundua pia kwa nini mbuzi haikuwahi kutoka jikoni kwenda sebuleni. Haina mgongo. Ni fupi. Ukikaa vibaya inafinya paja, na mbele ina ulimi wa chuma wenye meno. Uswahilini mgeni hukaribishwa mkeka, kitanda, jamvi, hata ngazi ya mlango. Hajawahi kutokea mgeni akaambiwa karibu ukae kwenye mbuzi. Mama alisikiliza mpango wa kuongeza mgongo na kuondoa meno, akauliza nazi ingekunwa wapi.

Suluhisho lilikuja kutoka upande usiotarajiwa: jeshini. Mwishoni mwa karne ya 19 maofisa Waingereza nchini India walikuwa na kiti cha kambini kilichoitwa Roorkhee, kwa jina la mji wa Roorkee walikokuwa wahandisi wa jeshi. Ni miguu minne, vijiti vichache vya kuunganisha, turubai na mikanda ya ngozi. Ncha za vijiti zimechongwa kwa kuchongoka, na matundu ya miguu yamechongwa vivyo hivyo. Mbao ikikauka na kunywea, ncha inaingia ndani zaidi, basi. Hakuna gundi ya kuachia wala mkato wa nusu milimita wa kugombana nao. Na kwa kuwa viungo vyote vinacheza kidogo, miguu minne yote hugusa ardhi hata kwenye mabonde. Kasoro iliyomtoa jasho shemeji kule Dodoma, kule kucheza, ndiyo iliyokuwa sifa ya kiti hicho. Mwaka 1933 Mdenmaki Kaare Klint alikitengeneza upya, akakiita Safari, na mpaka leo kinauzwa, kinaunganishwa kwa mikono mitupu, na kinakaa katika sebule ambazo sakafu zake hazina bonde lolote.

Mbunifu alichukua somo moja tu pale: kiungo kisibanwe kwa kipimo kamili, kibanwe kwa mteremko. Mteremko husamehe. Akainua ubao wa kukalia hadi sentimita 45, urefu wa kawaida wa kiti cha kulia chakula, akaupa miguu ya mbele, akaurefusha mkia upite katika mgongo na kutokeza nyuma, kisha akautoboa mkia huo na kupitisha kabari. Masika kabari inaingia kidogo, kiangazi inaingia zaidi. Ukisukuma kwa kiganja inakaza. Ukiigonga kutoka chini kwa kiganja hichohicho inaachia. Ukishika sehemu ya kukalia ukavuta, kiti kinakuja kizima. Mjomba aliitwa kukijaribu. Alikuja na sahani tupu, kwa tahadhari.

Kwenye kikao cha vikoba wanachama walipewa vipande bila maelezo. Mama mmoja alikiunganisha vizuri. Mwingine alikigeuza mgongo juu chini, akakaa, akasema kimemkaa vizuri kuliko cha mwenzake. Mjapani Shigeo Shingo, aliyekuwa akifanya kazi na Toyota, aliipa jina la poka-yoke mbinu ya kukipa kitu umbo ambalo lenyewe linazuia kosa. Mbunifu aliufanya mgongo ufanane juu na chini, na kosa likakosa mahali pa kutokea.

Mzee wa Keko alikizunguka, akakikalia, akakivuta, akakipiga teke. "Kimekaa," alisema. Kisha akaichomoa kabari na kuitazama kwa muda. "Hii watakuibia."

Aliona mbali. Kabari ni kipande cha mbao ngumu, kilichopigwa msasa, chenye upande mnene na upande mwembamba, na katika nyumba yoyote kuna shughuli kumi zinazokisubiri. Katika majaribio, kabari zilipatikana chini ya mlango unaojifunga, chini ya friji inayoyumba, chini ya mguu wa kitanda, nyuma ya tairi la guta kwenye mteremko. Mtoto wa jirani alikuwa akiisukuma yake sakafuni huku akipiga honi. Kiti hakikupoteza hata kabari moja kwa kuvunjika. Zote ziliajiriwa kwingine. Mbunifu akatoboa kitundu katika kila kabari na kuifunga kwenye mkia kwa kamba ya katani.

Ndipo alipokwenda kwa mama mkodishaji wa viti wa Tandika, mwanamke mwenye viti vya plastiki mia nne na kumbukumbu ya kila kimoja. Alimwonyesha namna kinavyosimama, namna kinavyolala, namna vingi vinavyoingia kwenye kirikuu. Alipoona mama hasemi kitu, akaleta utafiti. Mwaka 2012 Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely walichapisha matokeo ya majaribio yao: watu waliounganisha wenyewe masanduku ya IKEA walikuwa tayari kuyalipia asilimia 63 zaidi ya waliopewa yaliyokwisha kuunganishwa. Mtu hupenda alichokijenga. Kwa uaminifu aliongeza kwamba, katika majaribio hayohayo, mapenzi yalipotea pale mtu aliposhindwa kumaliza au alipobomolewa alichojenga.

"Mwanangu," mama alisema, "mgeni wa harusi anakuja kula. Nikimpa mbao mbili na kamba atauliza kama amekosea ukumbi."

"Ni sekunde chache tu, mama."

"Sekunde hizo mara mia nne. Na mwisho wa harusi nani anavichomoa? Walevi?"

Walielewana kwa sharti moja. Mama atachukua viti hamsini, kwa ajili ya meza kuu na wazee, na mbunifu atavileta mwenyewe, atavisimamisha kabla wageni hawajafika na kuvilaza wakishaondoka. Sasa kila Jumamosi yuko ukumbini saa nane mchana, shati limepigwa pasi, viganja vinawaka, akisukuma kabari. Kadi anapewa ya watu wawili, kwa hiyo huja na mkewe, ambaye amegundua kwamba kabari ikipakwa sabuni kidogo ya kufulia inaingia na kutoka kwa mkono mmoja, na mwenyewe humaliza meza nne mumewe akiwa kwenye ya pili. Mama mkodishaji ameliona hilo. Wiki iliyopita alipiga simu kuulizia malipo ya shughuli ya Temeke, akasalimia, akauliza hali ya watoto, akaomba azungumze na fundi. Mbunifu alipojibu kwamba anazungumza naye, mama akasema, "Hapana, yule mwingine."